Kesho yako ianzie leo jioni

Watu tukiongelea mafanikio wengi tunakimbilia asubuhi, amka saa kumi alfajiri, soma, kimbia, tafakari, halafu ndo uende kazini. Wanaoweza waendelee tu. Ila kwangu mimi tabia iliyonisogeza kuliko zote naifanya jioni na inachukua dakika chache sana, kabla sijafunga kazi naandika kesho nitaanza na nini. Orodha nzima ya majukumu naiacha ikae kwake, hapa naandika kitu kimoja tu, kile cha kwanza kabisa, na nakiandika kwa namna ambayo hata mtu mwingine akikisoma anaweza akakaa akaanza.

Na hapo kwenye namna ya kuandika ndo kuna kazi yenyewe. Ukiandika "kumalizia ripoti" umejiachia swali, kesho ukiikuta unaanza upya kuwaza ripoti ipi, niliishia wapi, zile namba alinitumia nani, na wakati unawaza hivyo mkono umeshafika kwenye simu na nusu saa imeenda. Sasa andika hivi: "saa mbili na nusu, nikishakaa mezani, nafungua ripoti, naandika aya ya pili, namba ziko kwenye jedwali la mwezi uliopita". Hapo hakuna cha kuwaza, ni kukaa na kuandika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameifanyia utafiti hii kitu kwa miaka mingi, makala yake ya mwaka 1999 inatajwa sana, na anachoonyesha ni kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "ikifika saa fulani, nikiwa mahali fulani, nafanya hiki" anatekeleza zaidi kuliko yule mwenye lengo zuri tu kichwani. Maana lengo linakwambia unataka nini basi, lini na wapi halikwambii, na siku zetu nyingi zinapotelea hapo kwenye lini na wapi.

Halafu kuna faida nyingine ambayo mimi naithamini hata kuliko hiyo, nayo ni usingizi. Kila anayefanya kazi ya kutumia kichwa anajua hii hali, umezima taa, umefumba macho, halafu kazi ambayo haijaisha inakuja kukaa kitandani na wewe. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Baylor University kule Marekani na wenzake walitoa utafiti wa vijana 57 waliolala maabara, kabla ya kulala kila mmoja alipewa dakika 5 za kuandika, wengine waandike mambo wanayotakiwa kufanya siku zinazokuja na wengine waandike yale waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani kama dakika 9 hivi, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyowahi kulala. Dakika 9 zinaweza kuonekana kidogo kwenye karatasi ila mtu anayejigeuzageuza kitandani usiku anajua thamani yake.

Na hapa niseme wazi kabisa, huu ushauri wa kuamka saa kumi unaumiza watu wengi. Mtu mzima anahitaji kulala angalau masaa 7, sasa wewe umelala saa sita usiku, ukiamka saa kumi umepata masaa manne, hata kama utasoma vitabu vyote vya maendeleo binafsi alfajiri hiyo, saa nane mchana kwenye kikao kichwa hakipo. Ukitaka kuamka mapema anza na saa ya kulala kwanza, vinginevyo ni nguvu ya soda, wiki moja unawaka, ya pili umechoka na unajiona huna nidhamu wakati mwili ulikuwa unadai haki yake.

Simu nayo nimeiwekea utaratibu. Sifungui meseji mpaka nimalize kile kitu nilichokiandika jana yake. Hebu fikiria umefungua asubuhi ukakuta bosi kaandika "tutaongea baadaye", maneno mawili tu, basi unaweza ukakaa na ile ripoti masaa mawili na akili haipo kwenye ripoti, iko kwa bosi. Mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu hili mwaka 2009, kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka, hasa kama hukumaliza. Najua wapo wenye kazi za kupokea simu au kuhudumia watu ambao hawawezi kujifungia asubuhi, kwao saa yoyote inafaa, hata dakika 30 baada ya zamu ni zako.

Swali ambalo watu huuliza sana ni hii inachukua muda gani kuzoeleka. Utasikia siku 21. Hiyo namba ilitokana na daktari mmoja wa upasuaji, Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kuwa wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura zao mpya, na watu wakaichukua wakaipeleka kwenye kila tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, wakakuta katikati ni kama siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo kama ni siku ya 22 na bado unajisukuma, hauna tatizo lolote, endelea. Na walikuta pia kuruka siku moja hakuharibu kitu, kesho yake unarudi tu bila kujitesa. Kilichonirahisishia mimi ni kuifunga hii tabia kwenye jambo ninalolifanya kila siku hata nikiwa hoi: kompyuta haizimwi kabla sijaandika.

Kuna wakati utaandika kitu na kesho hakitafanyika, na kesho kutwa tena. Kikihama hivyo siku tatu mfululizo naacha kukihamisha, nakaa nakiangalia vizuri, na mara nyingi nakuta kuna taarifa sina au ruhusa sijaomba. Basi mstari wa kesho unabadilika, hauwi tena "andika mkataba", unakuwa "saa tatu, mpigie mtu wa uhasibu, muulize malipo yanaanza lini".