Jibu: Kushuka shimo la samadi kuzibua pampu

Ndugu, umeuliza kama barakoa inatosha kushuka shimoni kuzibua pampu, maadamu harufu imeshapungua. Haitoshi, na huko kupungua kwa harufu ndiko kunakonitisha zaidi. Samadi iliyofungiwa hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Unadhani hewa imesafika, kumbe gesi imezidi. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, pale pale unapotaka kuinama. Samadi ikikorogwa, hata kwa mguu tu, gesi hufumuka ghafla.

Barakoa ya vumbi haizuii gesi hiyo wala haiongezi oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, hapo si pa kuingia bila mtungi wa hewa.

Mimi ningezima umeme wa pampu kabisa, kisha niivute juu kwa mnyororo niizibue nje. Ikigoma, ita watu wenye kipima gesi, mkanda wa mwili na winchi. Anayebaki juu asishuke kamwe mwenzake akianguka: amvute kwa kamba na aite msaada. Wengi wamefia mashimoni humo wakikimbilia kuokoa wenzao.

Na tafadhali, usiwashe kiberiti kuchungulia ndani. Humo mna methani pia, nayo hulipuka.