Foklifti kwa wakala au udereva wa halmashauri?

Dogo, umeuliza uende kuendesha foklifti kiwandani kupitia wakala, mikataba ya miezi mitatu mitatu, au uombe udereva daraja la pili halmashauri, ambako mshahara ni mdogo. Wakuu wengi humu wamekwambia fuata hela. Mimi nimezeekea kwenye maghala ya viwanda hapa Dar, na nasema nenda halmashauri.

Heshima ya kazi kiwandani ipo. Kontena likikwama getini saa tisa usiku anatafutwa wa foklifti, si mhasibu. Ila ukitoka nje ya geti unakuwa mtu mwingine. Benki inataka mkataba mrefu, huna. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Wakwe nao wanauliza kwa upole, "kijana ameajiriwa au anabangaiza?" Hata ndani kwa ndani tulikuwa matabaka: wa kudumu na deiwaka, yaani vibarua, mashine ileile, zamu ileile. Wa kudumu walipewa ovaroli mpya, sisi tukavaa walizochoka nazo, majina yao bado yameshonwa kifuani.

Sasa pensheni, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Kiwandani utakuwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi: asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 yako na 10 ya mwajiri. Halmashauri ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma: wewe 5, mwajiri 15. Kote unatakiwa uwe na michango ya miezi 180 ndipo ulipwe kila mwezi uzeeni. Pungufu ya hapo unapewa mkupuo mmoja, mmemalizana. Miezi 180 ni miaka 15, na deiwaka haifikishi kirahisi: mkataba unaisha, unakaa benchi, wakala anabadilishwa, mchango unakatika.

Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi alitunza salari slipu zake zote kwenye mfuko wa rambo, kila moja ina mstari wa makato ya NSSF. Alipofika 60 akaenda kudai. Kwenye kompyuta miezi kibao ilikuwa mitupu. Mwajiri alikata, hakupeleka. Sasa hivi analinda gereji Mbagala, usiku.

Kama halmashauri utaikosa (nafasi chache, waombaji utitiri), ingia kiwandani, ila michango yako iangalie kila mwezi, usisubiri uzee. Ukiachishwa kwa uonevu una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, na lazima uwe umefanya miezi 12 mfululizo. Hapo utaelewa kwa nini mawakala wanaipenda mitatu mitatu.

Halafu hao wanaokucheka kwa mshahara wa halmashauri waulize kuhusu posho za safari. Dereva wa mkurugenzi wiki nzima analala safarini, posho zinaingia.