Pigia hesabu chapati zako kabla ya kuomba mkopo

Ninyi akina mama mnaoanza mafunzo ya ujasiriamali, yawe ya SIDO (shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo) au ya maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, najua wengi wenu mnaisubiri siku ya kuzungumzia mkopo. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeuza chapati Dar es Salaam kwa miaka minne nikiamini kwamba faida yangu naijua, hadi mwalimu aliponiita mbele niandike ubaoni hesabu ya siku iliyotangulia.

Nilitaja unga kilo 5 kwa shilingi 9,000 na mafuta lita moja kwa 6,000, vilivyotoa chapati 60 za shilingi 500, nikatangaza faida ya 15,000. Mwalimu akauliza mkaa: 3,000. Akauliza maji, vifungashio na bodaboda iliyonifikisha kijiweni na ndoo zangu: 500, 1,000 na 2,000. Mwisho akauliza watoto walinywea chai nini asubuhi, na darasa zima likacheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kwangu zililiwa nane. Ile 15,000 ikabaki 4,500, na jasho langu la tangu saa kumi alfajiri lilikuwa bado halijalipwa.

Kwa hiyo andikeni papo hapo, hata kama mikono ina unga. Mkisubiri usiku, mkaa na nauli ndivyo vitakavyosahaulika kwanza. Chapati za nyumbani zilipieni kutoka mkoba wa nyumbani, ziingie kwenye kopo la biashara kama za mteja mwingine yeyote. Hili lilinishinda kwa wiki kadhaa, kwani ni aibu ya ajabu kujiuzia chakula ulichokipika mwenyewe.

Masuala ya kupima afya na usafi mtafundishwa vizuri, sitayarudia. Kuhusu mkopo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake, bila riba. Lakini hutolewa kwa kikundi, hivyo mwenzako asiyejua faida yake ni deni lako pia. Kikundi chetu kililinganisha madaftari kwa miezi mitatu kabla ya kuandika barua ya maombi, na kiasi tulichoomba kilikuwa pungufu ya nusu ya tulichokuwa tumekusudia.