Bomba kubwa au stendi nzuri? Na hiyo bisibisi iweke chini kwanza

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una darubini ya lenzi ya milimita 70 iliyokuja na stendi yake nyepesi, una kamera ya kubadilisha lenzi, na sasa umedunduliza ununue bomba, yaani darubini ya kioo ya milimita 200, ili upige picha za kundi la nyota la Kilimia na nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya Orion. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema picha zako zina viduara vya kijivu na unafikiria kuifungua lenzi ya mbele uisafishe. Naanza na hilo la mwisho kabla hujaharibu kitu.

Viduara hivyo havitoki kwenye lenzi ya mbele. Vumbi lililotua kule kamera hailioni kabisa, linakula mwanga kidogo sana basi. Kinachochora viduara ni vumbi lililo karibu na sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kiduara kikiwa kidogo na kingo zake zinaonekana vizuri, vumbi limekaa kwenye kioo cha sensa chenyewe. Kikiwa kipana na kimefifia, liko mbele kidogo, labda kwenye filta (kioo cha kuchuja mwanga). Kwenye darubini ya kioo kivuli hicho kingekuwa pete, kwako ni duara lililojaa. Sasa hiyo lenzi ya mbele ni vioo viwili vilivyopangwa kwa nafasi na mwelekeo wake. Ukivitoa ukarudisha kimoja kimegeuka, usitegemee kuona nyota zimekuwa nukta tena.

Chukua pampu ya mpira ya kupulizia, elekeza mdomo wa kamera chini, pulizia. Usipulize kwa mdomo, utaongeza mate. Vumbi linalobaki linafutwa na flati, yaani picha za mwanga mtupu: funika mdomo wa darubini na fulana nyeupe safi jua likishazama lakini mbingu bado ina mwanga, piga picha 20 au 30 zenye mwanga wa wastani, programu ya kupanganisha (inayounganisha picha nyingi ziwe moja) itazitumia kuondoa vivuli. Sharti ni moja: kamera isizungushwe wala fokasi isiguswe kati ya picha za nyota na flati. Mimi niliwahi kuitoa kamera ili nichaji betri, nikairudisha "palepale". Haikuwa palepale. Nikapata viduara mara mbili, vyeusi vya zamani na vyeupe vya flati pembeni yake.

Haya, bomba. Nilipita njia hiyohiyo unayotaka kupita. Nilinunua la milimita 200, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale taswira inapojengeka) milimita 1000, likiwa juu ya stendi iliyouzwa nalo pamoja. Kwa macho lilikuwa raha tupu, maana kioo cha 200 kinakusanya mwanga mara 8 ya lenzi yako ya 70. Mshtarii na miezi yake, Zohali na pete zake, nilikesha. Kwa picha nilipoteza karibu mwaka mzima. Kila nyota ilitoka kama punje ya mchele.

Hesabu yake haina siri. Nyota zinasogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa (sekunde moja ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3600). Kwa fokasi ya 1000 na kamera yenye pikseli (vile vitone vinavyounda picha) za maikromita 4, nyota inavuka pikseli 18 hivi ndani ya sekunde moja. Stendi ikichelewa kidogo tu, gia ikiwa na ulegevu, upepo ukigusa bomba, picha imekwenda. Ndiyo maana uzito ambao mtengenezaji anasema stendi inabeba, kwa kazi ya picha wengi wetu tunachukua nusu yake. Bomba lile na kamera yake vilikuwa vimeshaifikisha yangu kwenye kikomo.

Na kuna jambo ambalo nilipaswa kulipima kabla ya kutoa pesa. Kilimia kimetanda karibu digrii 2 angani, yaani kama Miezi mipevu minne ikipangwa mstari. Kamera yenye sensa ya upana wa milimita 23 kwenye fokasi ya 1000 inaona digrii 1.3 tu. Kwa hiyo hata stendi ingekuwa nzuri, Kilimia chote hakiingii!

Kilichonitoa ni traka, yaani kile kimashine kidogo cha kuzungusha kamera kwa mwendo wa anga. Nilipata iliyokwishatumika, nikaifunga kamera na lenzi kuukuu ya milimita 135 ya kuzungusha fokasi kwa mkono. Picha 60 za dakika moja moja. Ya kwanza ilionekana chafu, nikataka kulala. Nilipozipanganisha zote ndipo ule utando wa buluu ukatokea kuizunguka Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, vumbi linaloakisi mwanga wa nyota. Siri iko kwenye wingi: picha 100 zinakupa usafi mara 10 wa picha moja. Programu kama Siril na DeepSkyStacker ni za bure, anza nazo.

Bila traka, kuna kanuni ya 500, inayokupa sekunde za picha moja kabla nyota hazijawa mistari: gawa 500 kwa urefu wa fokasi, kisha kwa 1.5 kama sensa ni ndogo. Lenzi ya 50 inakupa sekunde 6 na ushee. Lenzi ya 200 haifiki hata 2. Bomba la 1000? Theluthi ya sekunde.

Kuhusu utunzaji, adui ni unyevu. Vumbi ni jirani tu. Umande haudondoki kutoka juu. Kioo kinachotazama mbingu wazi kinapoteza joto hadi kinakuwa baridi kuliko hewa, mvuke unageuka matone juu yake. Weka kofia ndefu mdomoni mwa lenzi, mara moja na nusu ya kipenyo chake, na ukiweza mkanda wa joto wa volti 12. Umande ukishaingia, tumia draya ya nywele kwa joto la chini. Mimi nilitumia pindo la shati. Ile mikwaruzo bado ipo, ukiimulika na tochi pembeni unaiona yote, kwa sababu vumbi likilowa linakuwa msasa.

Ukirudi ndani usifunike kifuniko kifaa kikiwa kimelowa. Acha kikauke kwanza. Lenzi yangu moja niliifungia kwenye mfuko wa ngozi kabatini miezi kadhaa, nikaikuta na nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kuvu. Nilimpa fundi akaisafisha, lakini ilikuwa imekula rangi ya juu ya kioo. Siku hizi vyote vinakaa kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kila vikishiba nabadilisha.

Ukija kununua darubini ya kioo, kioo chake kioshwe kwa nadra, baada ya miaka. Utando wa alumini ule unywele mmoja unauzidi unene mara mamia. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, pamba ikiburutwa kwa uzito wake tu, mwisho maji yaliyotoneshwa. Kikaushe kimeinama, usifute.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi usiku wowote wenye nyota: elekeza hiyo ya 70 kwenye nyota angavu, gonga mguu mmoja wa stendi kwa kidole, hesabu sekunde hadi nyota itulie. Lete jibu hapa, na picha moja ambayo hujaigusa kwa programu yoyote.