Nasali rozari alfajiri, saa mbili nimeshafoka

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Naishi na mama mkwe wangu huku Kilimanjaro. Ana miaka 84 na kumbukumbu zimemtoka. Kutwa nzima ananiuliza, "Ng'ombe amepewa majani?" Ng'ombe tulishauza zamani. Namjibu, dakika mbili hazipiti anauliza tena. Usiku anaamka mara tatu au nne akitaka kwenda zizini. Mimi saa kumi na moja alfajiri niko macho, nasali rozari, matendo yote matano, naomba uvumilivu. Kabla ya saa mbili nimeshamfokea. Juzi binti yangu wa darasa la tatu akaniambia, "Mama, si umetoka kusali sasa hivi?" Tangu siku hiyo nikishika rozari naona aibu. Je, mimi ni mnafiki? Niache kusali kwanza mpaka nibadilike? – Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Milele Amina, mwanangu. Usiache. Mgonjwa hasubiri apone ndipo aende kwa mganga.

Marehemu mume wangu alipata kiharusi, nikamuuguza miaka minne. Asubuhi moja nilitoka Misa, nimekomunika, nikaanza kumlisha uji wa ulezi. Akabana kijiko kwa meno, kama alivyozoea. Nikakivuta kwa nguvu. Mdomo wa chini ukachubuka, damu kidogo ikaingia kwenye uji. Alinitazama tu, maana maneno yalikuwa yameshamwacha. Kanga niliyovaa kanisani nilikuwa sijaivua.

Jioni nilishindwa kusali kwa maneno yangu mwenyewe, nikashika yale tuliyofundishwa utotoni: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako…" Nilipofika "naomba neema yako nipate kurudi", nikakwama hapo. Sala hiyo nilikuwa nimeisema tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza bila kulisikia neno hilo la mwisho. Kurudi! Mwenye kuomba kurudi ni yule aliyekwisha kwenda mbali, na Kanisa linamwekea maneno hayo mdomoni kila jioni kwa sababu linamjua. Nikainuka, nikaenda kitandani kwa mzee, nikamwomba msamaha kwa sauti. Mnafiki, mwanangu, haandiki barua kama yako.

Sasa nikuambie jambo kuhusu rozari yako. Mtu aliyeamshwa mara nne usiku, akaamka tena saa kumi na moja, amechoka, na uchovu nao hufoka. Lala mpaka saa kumi na mbili. Sema sala ya asubuhi, kisha fungu moja la rozari. Mafungu mengine yagawe mchana: moja ukiosha vyombo, moja ukimkalisha mama juani. Mama Maria hatakudai dakika.

Na ile sala ya mapendo iliyomo katika sala ya asubuhi, usiimalize yote saa hiyo. Kila anapouliza habari za ng'ombe, kabla hujafungua mdomo, sema moyoni kile kipande chake: "Nampenda na jirani yangu kama nafsi yangu, kwa ajili yako." Pumzi moja inatosha. Neema ni zawadi, tena huja kwa kiasi cha swali moja. Mimi nilikuwa naiomba ya siku nzima alfajiri, kama mtu anayejaza pipa, nikashangaa kuliona tupu kabla ya chai.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, aliandika jinsi alivyokuwa akimwongoza sista mmoja mzee kila jioni kutoka kanisani hadi chumba cha kulia. Akienda haraka, mzee analalamika ataangushwa. Akienda polepole, analalamika kwamba hajashikwa vizuri. Alikiri kwamba mwanzoni kazi hiyo ilimwia vigumu. Baadaye akagundua kwamba bibi yule hukata mkate wake kwa shida, akawa anamkatia kabla ya kuondoka, na kumwachia tabasamu. Hakutumwa kufanya hivyo. Mimi hupenda sana hapo kwenye mkate.

Kisha waambie mawifi na mashemeji zako ukweli: mama ni wao pia. Jumuiya ikija kusali kwako, omba mama mmoja abaki naye Jumamosi alasiri ukapumzike. Kuomba msaada si kukosa uvumilivu. Na binti yako mjibu: "Ndiyo, nimetoka kusali, na bado nimekosa. Twende tumwombe bibi msamaha." Mwende wote wawili.

Kuhusu ng'ombe, acha kumwambia kwamba aliuzwa. Kila ukimwambia, kwake ni habari mpya, anampoteza upya. Keti naye, umuulize yule ng'ombe alikuwa na rangi gani, na nani alikuwa akimkatia majani ya mgomba. Halafu uniandikie alivyokujibu.