Hosteli ya ghorofa tatu: moto ni jukumu la nani?

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako la umlipe nani asimamie usalama wa moto, pamoja na majibu yaliyotangulia. Unajenga hosteli ya ghorofa tatu Dodoma. Mkandarasi anakwambia mambo ya moto ni ya Zimamoto, watakuja mwishoni. Msanifu anakwambia muulize mhandisi wa umeme. Na mdau mmoja hapo juu kashauri ununue mitungi ya kuzimia moto, mambo yaishe. Mimi kazi yangu ni kusimamia saiti kwa niaba ya wenye majengo, na hosteli nimezipitia, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mwenye dhamana ya kwanza ni wewe. Sina maana kwamba uchore ngazi mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu wewe ndiye unayeajiri, unayelipa, na hela ikipungua wewe ndiye unayeamua nini kikatwe. Msanifu, wahandisi na mkandarasi kila mmoja ana kipande chake, na usalama wa moto uko katikati ya vipande. Usipomteua mmoja wao kwa maandishi akae juu ya suala hilo kuanzia ramani hadi funguo, kila mtu ataamini mwenzake ameshaliangalia.

Hili si tatizo la kwetu tu. Jengo la Grenfell Tower, London, lililoungua Juni 14, 2017 na kuua watu 72, lilikuwa limetoka kukarabatiwa na wataalamu waliosajiliwa na kulipwa vizuri. Kuta za nje zilivalishwa vibao vya alumini vyenye plastiki ndani, inayowaka. Uchunguzi ulipoanza, kila kampuni ikanyoosha kidole kwa nyingine. Waingereza wakatunga sheria mwaka 2022, na kanuni zilizoanza Oktoba 2023 zinamtaja mteja waziwazi kuwa na wajibu wake, kisha anafuata mbunifu mkuu, kisha mkandarasi mkuu. Mteja ndiye anayetakiwa kuhakikisha aliowaajiri wanaiweza kazi. Wewe hapo Dodoma hubanwi na sheria ya Uingereza, lakini mpangilio huo unaweza kuuingiza kwenye mikataba yako hata kesho.

Sasa kwenye ramani. Kama hujamwaga zege la ghorofa ya kwanza, simama hapo kwanza na uangalie ngazi. Mitungi, kengele na vifaa vya kugundua moshi unaweza kununua hata mwaka ujao. Ngazi ya pili huwezi kuinunua baada ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kukauka. Hosteli nyingi ninazoziona zina ngazi moja tu, katikati, wazi, na vyumba vimepangwa kushoto na kulia kwenye korido. Moto ukianzia chini, ngazi hiyo inageuka dohani: moshi unapanda wote kupitia njia ileile ambayo watu wa juu wanaitegemea kushuka. Na kinachoua wengi ni moshi, mara nyingi kabla moto haujawafikia. Mwambie msanifu wako aweke ngazi mbili, kila moja upande wake wa korido, zifungwe kwa ukuta wa tofali na mlango unaojirudisha wenyewe, na milango ya kutokea nje ifunguke kwa kusukuma kuelekea nje, bila ufunguo. Atakwambia unapoteza vyumba viwili au vitatu vya kupangisha. Ni kweli, unapoteza. Hapo ndipo utakapojua kama unajenga hosteli au unajenga kodi.

Jambo la pili halionekani kwa mgeni, nalo ni ukuta kuishia kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kwenye ghorofa ya juu kabisa mafundi wanapandisha kuta za vyumba mpaka usawa wa lenta, juu yake ni kenchi za mbao na dari ya jipsamu. Ukipanda darini unaona uwazi mmoja kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Moto wa chumba kimoja ukishatoboa dari unatembea juu ya vichwa vya watu wote, na wao huku chini hawajui. Ukuta wa kila baada ya vyumba kadhaa upandishwe hadi kwenye bati na uzibwe vizuri. Ni tofali chache na siku chache za fundi. Cha ajabu, kwenye ramani unakuta mara nyingi umechorwa, ila mkadiriaji, yule anayepiga hesabu ya gharama, hakuuhesabu, na mkandarasi hawezi kujenga kitu kisichokuwa kwenye bei yake.

Vilevile matundu ya mabomba na nyaya yanayopita kwenye slabu. Fundi bomba anatoboa, fundi umeme anatoboa, kisha mtu anajaza povu la kawaida la kwenye kopo, ambalo linawaka. Mwambie msimamizi wako yazibwe kwa saruji au kwa povu maalumu linalozuia moto, na ayakague kabla dari haijafunika.

Kuhusu Zimamoto. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa mamlaka ya kukagua majengo, na ramani wanazisoma pia. Wapelekee ramani mapema, kabla ya msingi, siyo siku ya kuomba cheti. Mkaguzi akija jengo limeshapakwa rangi hana cha kukwambia zaidi ya kuongeza mitungi na vibao vya kijani vya kutokea, maana ngazi hawezi kukujengea. Na muhuri wake haukutui mzigo. Waulize pia kuhusu gari lao. Nimeona geti zuri la vigae lenye kipaa juu, gari la zimamoto lisingepita pale hata kwa maombi.

Tatizo kubwa kuliko yote linakuja baada ya sisi wa ujenzi kuondoka. Kuna hosteli moja tuliikabidhi ikiwa na ngazi ya nyuma safi kabisa. Miezi baadaye nikapita pale kumsalimia mlinzi, nikakuta fundi wa kuchomelea ameweka geti la nondo kwenye ngazi ile, na kufuli. Meneja alisema wanafunzi walikuwa wanaingiza wageni usiku. Madirisha nayo yalikuwa yamepigwa grili zisizofunguka. Ufunguo ulikuwa kwa mtu anayelala mtaa wa pili. Nikamwandikia mwenye jengo barua, na nakala nikampa msanifu, kwa sababu maneno ya mdomo baada ya ajali hayana mwenyewe.

Tumeona mwisho wa mambo hayo kwa majirani. Shule ya sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2024, shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, hukohuko Kenya, wakafa 21 kwenye bweni la mbao lililolaza zaidi ya watoto 150. Na Kenya ilikuwa na mwongozo wa usalama wa shule tangu 2008, unaosema milango ya bweni ifunguke nje na madirisha yasiwe na grili. Kama unaogopa wezi, na unayo haki ya kuogopa, weka grili yenye bawaba ambayo aliye ndani anaifungua bila ufunguo. Mafundi wetu wanaiweza vizuri.

Mwisho, wanafunzi watapika. Ukibandika tangazo la marufuku watapika kitandani, kwa hita na jiko la umeme kwenye soketi moja yenye mkia wa eksitensheni. Afadhali kila ghorofa iwe na chumba chake cha kupikia chenye kuta za tofali, mitungi ya gesi ikae nje, na mhandisi wa umeme akiwekee chumba hicho laini yake yenyewe na kikatio chake. Wayaringi afanye mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na asiyekuonyesha leseni usimpe hata balbu.

Kwa hiyo kwenye swali lako la "nimlipe nani": mlipe msanifu wako nyongeza kidogo, na barua yake ya ajira itamke kwamba yeye ndiye anayeratibu usalama wa moto, na kwamba badiliko lolote saiti linalogusa ngazi, milango, kuta au matundu halifanyiki bila saini yake kwenye daftari la saiti. Akikataa kusaini maneno hayo, tafuta mwingine kabla ya zege. Ukipata ramani iliyorekebishwa, ifiche namba ya kiwanja uiweke hapa, tuone ngazi ya pili imeangukia wapi.