Uzi hauvuti mshale peke yake

Unasema uzi ulio ndani ya redio ya zamani ya kuzungusha kitufe kazi yake ni kusogeza mshale wa stesheni tu? Hapana bwana, uzi ule hausogezi mshale tu, unazungusha na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya kutafutia stesheni. Fungua mfuniko wa nyuma utaona vibati vya nusu duara vikiingia katikati ya vingine bila kugusana. Kwa kawaida ni mafungu mawili kwenye shafti moja: moja linachagua stesheni inayotoka antena, la pili linaongoza osileta, yaani sakiti inayotengeneza mawimbi ndani ya redio yenyewe, na tofauti ya masafa kati yao lazima ibaki ileile, mara nyingi kilohezi 455. Redio nyingi za miaka ya 1920 zilikuwa na vitufe viwili vitatu vya kutafutia stesheni, kila kimoja unakizungusha kivyake mpaka vikubaliane. Kazi kwelikweli!

Nimefungua redio nyingi hapa Ngamiani, Tanga. Kwa chumvi hii ya bahari vibati huota unga mweupe. Nasafisha kwa brashi laini, sivikunji. Viskrubu vidogo vya pembeni usiviguse, ndivyo vinavyolinganisha mafungu hayo. Na kabla hujautoa uzi, piga picha unavyozunguka kwenye roda.

Redio za kubofya namba ni habari nyingine, hazina vibati.